Fimbo moja haichezi namba zote

GRAMU 170. Ni uzito wa simu moja ya mkononi, tena si ile kubwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoamua nani abebe kombe la Bassmaster Classic, fainali kubwa kuliko zote za uvuvi wa samaki aina ya besi, ilipofanyika Pittsburgh, Marekani, Julai 2005.

Kevin VanDam alimaliza siku tatu za mashindano akiwa na kilo 5.87. Aaron Martens akamaliza na kilo 5.70. VanDam akanyanyua kombe, Martens akarudi nyumbani na nafasi ya pili.

Kama wewe ni shabiki wa Uholanzi, iliyopoteza fainali tatu za Kombe la Dunia, 1974, 1978 na 2010, basi Martens ni mtu wako. Jamaa alishika nafasi ya pili kwenye Classic mara nne: 2002, 2004, 2005 na 2011. Tuzo ya Mvuvi Bora wa Mwaka aliichukua mara tatu, lakini kombe lile lilimkimbia mpaka alipofariki dunia Novemba 2021 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 49.

Gramu 170 hazifiki hata uzito wa besi mmoja mdogo. Maana yake samaki mmoja tu anayechomoka kwenye ndoana kabla hajafika botini anatosha kubadili historia ya mtu. Ndiyo maana wavuvi wa mchezo huu hawalali kwa ajili ya kitu ambacho kwa macho ya mgeni ni kijiti tu: fimbo ya kuvulia.

Na ndiyo maana kuna mafundi ambao kazi yao ni kukaa karakanani na kutengeneza fimbo moja, kwa ajili ya mkono mmoja na kwa kazi moja. Fimbo ya duka inamfaa kila mtu kidogo. Fimbo ya fundi inamfaa mtu mmoja sawasawa.

SHERIA ZA MCHEZO

Besi ni samaki wa maji baridi, asili yake ni Amerika Kaskazini. Anayetafutwa zaidi ni yule mwenye mdomo mpana, mwindaji anayejificha kwenye majani, magogo na mawe, kisha anamvamia kinachopita. Rekodi ya dunia ni kilo 10 na ushei. George Perry aliiweka Juni 1932 huko Georgia, na Mjapani Manabu Kurita akaja kumfikia Julai 2009 kwenye Ziwa Biwa. Miaka 77, na bado wawili hao wanagawana rekodi.

Mashindano ya kulipwa yalianza kuchukua sura mwaka 1967, pale muuza bima mmoja wa Alabama, Ray Scott, alipoandaa shindano kwenye Ziwa Beaver, Arkansas, kisha akaanzisha chama cha B.A.S.S. Classic ya kwanza ilichezwa 1971 kwenye Ziwa Mead, Nevada. Bobby Murray akashinda na kuondoka na dola 10,000. Leo bingwa wa Classic anapewa dola 300,000.

Sheria ni rahisi. Unavua siku nzima, lakini unapimiwa samaki wako watano bora tu, kama kikosi cha mpira wa watano kwa watano. Ukipata mkubwa zaidi, mdogo anatolewa, sub inafanyika. Samaki wanapimwa wakiwa hai na kurudishwa majini. Uzito wa siku zote unajumlishwa, mwenye kilo nyingi ndiye bingwa.

Kwa hiyo hakuna cha kupaki basi. Kila samaki anayeuma ni nafasi ya wazi mbele ya goli, na wavuvi wazuri wanapata nafasi chache kwa siku. Ukikosa moja, unaweza usione nyingine mpaka jioni.

NAMBA TATU ZA KUZIJUA

Mtu akiingia kwa fundi wa fimbo, kitu cha kwanza anachoulizwa ni kazi. Unataka kuvulia nini, wapi na kwa chambo gani? Bei na rangi vinafuata baadaye. Baada ya hapo fundi anahesabu mambo matatu.

La kwanza ni urefu. Fimbo nyingi za besi zina futi sita na nusu hadi nane. Ndefu inatupa mbali na kukusanya mshipi mwingi kwa mkupuo mmoja. Fupi inalenga vizuri na haichoshi mkono.

La pili ni nguvu, yaani inahitaji mzigo kiasi gani ndipo ikunje mgongo. Kuna nyepesi, za kati na nzito.

La tatu ndilo linalowachanganya wengi: mpindo. Fimbo mbili zinaweza kuwa na nguvu sawa, lakini moja ikajikunja kwenye ncha tu na nyingine ikajikunja hadi katikati. Ile ya ncha ni ya haraka. Ukivuta, ndoana inazama hapo hapo. Ile ya katikati ni ya taratibu. Inampa samaki sekunde ya kumeza chambo vizuri, na akiruka inamfuata kama springi.

Hakuna mpindo bora kuliko mwingine. Kuna mpindo unaofaa kazi fulani. Beki mwenye kilo 90 ni mali kwenye kona ya dakika ya 89, ila usimpeleke winga akimbizane na vijana wa miaka 19.

DEE THOMAS NA FIMBO ILIYOKATWA

Hadithi inayoonyesha vizuri jinsi ufundi wa uvuvi unavyozaa fimbo yake ni ya Dee Thomas wa California.

Miaka ya mwanzo ya 1970 wavuvi wengi walikuwa wakitupa chambo mbali kutoka kwenye boti. Thomas alifanya kinyume. Alikuwa anasogea karibu kabisa na matete, na kwa fimbo ndefu ya futi kama 12 anashusha chambo kimya kimya kwenye tundu dogo katikati ya majani. Haitupi, anaitumbukiza. Samaki wakubwa waliojificha humo, ambao wengine hawakuwa na njia ya kuwafikia, wakawa wake.

Wapinzani wakalalamika. Urefu wa fimbo ukawekewa kikomo kwenye mashindano ya Magharibi. Wengi walidhani mchezo wa Thomas umeishia hapo.

Haukuisha. Thomas akashuka hadi fimbo ya futi saba na nusu, ngumu kama mpini wa jembe, na akabuni namna ya kuutumia mkono wa kushoto kuvuta mshipi ili urefu uliopotea kwenye fimbo urudi kwa njia nyingine. Mwaka 1975 akaenda Ziwa Bull Shoals, Arkansas, mbele ya wakali wa nchi nzima, akawapiga. Uchezaji huo ukapewa jina la flipingi, na kampuni ya Fenwick ikaanza kuuza fimbo iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Mashabiki wa soka wanaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Mwaka 1992 makipa walipokatazwa kudaka pasi ya mguu kutoka kwa mwenzao, watu walisema makipa wamekwisha. Badala yake akazaliwa kipa anayecheza kwa miguu. Sheria ilibana, ufundi ukatafuta mlango mwingine.

Tangu siku za Thomas, kila mbinu mpya imekuja na fimbo yake. Ndiyo maana leo ukiangalia boti ya mvuvi wa kulipwa asubuhi ya mashindano, utakuta fimbo kumi na kitu zimelazwa mbele yake. Hicho ndicho kikosi chake cha siku.

BEKI WA KATI: FIMBO YA FLIPINGI

Hii inacheza kwenye msitu wa majani. Urefu ni futi saba na nusu hadi nane, nguvu nzito na mpindo wa ncha. Mshipi wake ni wa kusukwa, wenye uwezo wa paundi 50 hadi 65. Hapa hakuna kubembelezana. Samaki akiuma, mvuvi ana sekunde moja ya kumng'oa kabla hajajizungusha kwenye shina na kukata mawasiliano.

Fundi anaijenga fimbo hii na mpini mrefu nyuma ya rili, ili mvuvi aubane kwenye mkono wa mbele na kutumia mwili mzima kunyanyua. Mpini ukiwa mfupi, kazi yote inaangukia kifundo cha mkono, na kifundo hakina nguvu hiyo.

KIUNGO MKABAJI: FIMBO YA KRENKIBETI

Krenkibeti ni chambo bandia chenye kidomo cha plastiki kinachokizamisha na kukitikisa kinapovutwa. Kinabeba ndoana za meno matatu, nyembamba, ambazo mara nyingi zinamshika samaki kwenye ngozi ya mdomo tu.

Hapo fimbo ngumu ni adui. Ukimvuta kwa nguvu ngozi inachanika, samaki huyo anaondoka. Kinachotakiwa ni fimbo inayojikunja hadi katikati, na wazee wa kazi wanapenda iwe ya faibaglasi au mchanganyiko wa faibaglasi na kaboni.

Kuna mshangao hapa. Faibaglasi ni teknolojia ya zamani, iliyotamba Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Kaboni ilipoingia kwenye fimbo miaka ya 1970, ikiwa nyepesi, ngumu na yenye hisia kali mkononi, wengi waliamini faibaglasi inaenda kuzikwa. Lakini Rick Clunn, mshindi wa Classic mara nne, alibaki mtetezi wake kwa kazi ya krenkibeti. Uzembe wa faibaglasi ndio unaomchelewesha mvuvi kuvuta kabla samaki hajafunga mdomo. Kasoro ya namba moja ikawa sifa ya namba nyingine.

Clunn mwenyewe ni mfano wa mchezaji asiyezeeka. Februari 2019 alishinda shindano la Elite kwenye Mto St. Johns, Florida, akiwa na miaka 72.

NAMBA KUMI: FIMBO YA DROPU SHOTI

Dropu shoti ni mbinu iliyokomazwa na Wajapani. Risasi inakaa chini kabisa ya mshipi, ndoana ndogo yenye chambo laini inaning'inia juu yake. Chambo kinatetemeshwa mahali pamoja, mbele ya pua ya samaki asiye na njaa. Marehemu Martens alikuwa miongoni mwa mabingwa wa uvuvi wa aina hii ya taratibu.

Mshipi hapa ni mwembamba, paundi sita hadi nane. Fimbo ni ya futi kama saba, ncha laini inayosoma kila kokoto, halafu chini yake kuna mgongo wa kutosha kumgeuza samaki. Kuuma kwenyewe mara nyingi hakuna kishindo. Mvuvi anahisi tu kwamba uzito umeongezeka kidogo, au umepotea.

Rili inayotumika ni ile inayoning'inia chini ya fimbo na kumwaga mshipi kwa duara. Kwa hiyo pete ya kwanza ya kupitishia mshipi lazima iwe kubwa na isimame juu, iyabane maduara hayo taratibu, kisha pete zinazofuata zipungue haraka mpaka kuwa ndogo kabisa kwenye ncha. Fundi akikosea nafasi ya pete ya kwanza, mshipi unapiga kelele kwenye fimbo na chambo hakifiki mbali.

NAMBA TISA: FIMBO YA CHURA

Chura wa plastiki anatembezwa juu ya majani yaliyotanda majini. Besi anampasua kutoka chini kwa kishindo ambacho shabiki yeyote wa mpira angekipigia kelele. Tatizo ni kwamba fimbo hii inatakiwa iwe na tabia mbili zinazogombana. Mgongo wake uwe mzito wa kumtoa samaki kwenye magugu, ila ncha iwe na ulaini wa kumchezesha chura kushoto na kulia.

Duka linauza fimbo za namna hiyo, lakini hapa ndipo fundi anapopata hela yake. Anaweza kuchukua ufito wa nguvu nzito uliotengenezwa kwa kazi nyingine, akakata kidogo nyuma au akachagua pete nyepesi mbele, mpaka apate tabia anayoitaka mteja.

Halafu kuna fimbo ya jekibeti, samaki wa bandia anayechezeshwa kwa kushtua fimbo kuelekea chini. Hiyo inataka mpini mfupi, maana mrefu utakuwa unagonga kiwiko na koti mara mia kwa saa. Sentimita tano tu za mpini, na siku nzima ya mtu inabadilika.

KWENYE MEZA YA FUNDI

Fundi wa fimbo kwa kawaida hatengenezi ufito wenyewe. Ufito unatoka kiwandani. Kitambaa cha nyuzi za kaboni kinakatwa, kinavingirishwa kwenye chuma chembamba kinachopungua unene, kinabanwa kwa utepe na kuokwa kwenye tanuri. Chuma kinachomolewa, unabaki mrija mtupu, mwepesi kama unyoya. Gary Loomis wa jimbo la Washington, aliyeanzisha kampuni ya G. Loomis mwaka 1982, ni miongoni mwa watu waliousogeza mbele sana ufundi huo.

Kazi ya fundi inaanzia hapo. Kwa kuwa kitambaa kilivingirishwa, upande mmoja wa mrija unakuwa mgumu kidogo kuliko mwingine. Wanauita uti wa mgongo. Unaulaza ufito mezani, unabonyeza kati huku unauzungusha, na unausikia ukiruka kutafuta upande wake. Mafundi wamegawanyika kuhusu huu uti. Wapo wanaojenga fimbo kwa kuufuata, wapo wanaoupuuza na kufuata unyoofu wa ufito. Ubishi wao haupishani sana na ule wa nani zaidi kati ya Messi na Ronaldo.

Baada ya hapo ni mpini na kiti cha rili. Fundi anapima mkono wa mteja, kutoka kiwiko mpaka kiganja, na anaangalia anavyoshika. Kisha anaitafuta mizani. Ukiweka kidole mbele kidogo ya rili, fimbo inalala sawa au ncha inaanguka? Fimbo inayoanguka mbele inamlazimisha mvuvi kuinyanyua kwa kifundo cha mkono siku nzima. Mvuvi wa kulipwa anaweza kutupa zaidi ya mara elfu moja kwa siku. Ikifika saa tisa alasiri mkono uliochoka hausikii tena, na samaki anauma bila mwenyewe kujua.

Kisha zinakuja pete, na hapo ndipo fundi mzuri anapoachana na fundi wa kubahatisha. Pete zinashikizwa kwanza kwa vimpira vidogo, mshipi unapitishwa, na fimbo inakunjwa kwa mzigo. Fundi anaangalia kama mshipi unafuata mgongo wa fimbo vizuri au unakata kona kali mahali. Pete inasogezwa, fimbo inakunjwa tena. Kazi inarudiwa mpaka mzigo ugawanyike sawa. Fimbo nyingi zinazovunjika zikiwa na samaki huwa zimebeba mzigo wote mahali pamoja.

Kwenye fimbo ambazo rili inakaa juu, pete nazo zinakaa juu, na fimbo ikilemewa inataka kujigeuza mkononi kama pikipiki iliyopakia vibaya. Baadhi ya mafundi wanalimaliza tatizo hilo kwa kuzipanga pete zizunguke. Ya kwanza inakaa juu, zinazofuata zinapinda pembeni, na zilizobaki zinamalizikia chini. Kwa macho inaonekana kama fundi alikuwa amelewa. Mkononi inatulia tuli.

Mwisho ni uzi na gundi. Kila pete inafungwa kwa uzi mwembamba, mzunguko kwa mzunguko, bila pengo. Juu yake inapakwa epoksi, gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa kwa kipimo sawa. Ukikoroga kwa pupa unapata mapovu. Ukikosea kipimo haikauki daima, inabaki inanata kama ubuyu. Ikishapakwa, fimbo inawekwa kwenye mota ndogo inayoizungusha taratibu kwa saa kadhaa, gundi isije ikajaa upande mmoja. Inaachwa siku nzima au zaidi ndipo ikaguswe.

Uzito nao ni vita. Gramu moja kwenye ncha inahisiwa kuliko gramu kumi kwenye mpini. Fundi anayepaka epoksi nyingi ili fimbo ing'ae anaharibu ncha ile ile ambayo mteja aliilipia.

DAKIKA ZA LALA SALAMA

Kuna anayeweza kuuliza, yote haya ya nini? Samaki si anauma chambo, haumi fimbo?

Jibu lipo kwa Takahiro Omori. Alitua Marekani mwaka 1992 kutoka Japani, akitaka kuwa mvuvi wa kulipwa, na kuna wakati alikuwa akilala ndani ya gari lake huko Texas kwa sababu hela ilikuwa ya kuingilia mashindano tu. Mwaka 2004, kwenye Classic ya Ziwa Wylie, mpakani mwa North na South Carolina, siku ya mwisho ilikuwa inaelekea ukingoni na kombe lilikuwa halijapata mwenyewe. Katika dakika za lala salama Omori akachukua fimbo ya krenkibeti, akapata samaki aliowahitaji na kuwa Mjapani wa kwanza kutwaa Classic.

Ndoana za meno matatu, samaki anayeruka, saa inakimbia, maisha yote ya mtu yako kwenye ngozi ya mdomo wa samaki. Hapo ndipo mpindo wa fimbo unapokuwa na maana. Chambo kinamwita samaki. Fimbo ndiyo inayomleta nyumbani.

Aliyekuwa wa pili siku ile? Aaron Martens.

NAIVASHA HADI LEO

Mchezo huu hauko mbali kama unavyoonekana. Besi mwenye mdomo mpana aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929, miaka minne tu baada ya Wajapani kumpandikiza kwenye Ziwa Ashi. Mwaka 1970 akaletewa na chakula cha kwao: kamba mwekundu wa maji baridi kutoka Louisiana. Mmarekani akakutana na Mmarekani mwenzake kwenye Bonde la Ufa.

Ujio huo una upande wake mchungu. Naivasha lilikuwa na kisamaki kidogo cha asili kisichopatikana kwingine, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962. Besi ni mmoja wa wanaoshukiwa.

Lakini kwa anayetaka kuelewa fimbo, Naivasha ni darasa zuri. Kingo zake zina mafunjo yaliyosimama kama ukuta, na magugu maji yanayohama na upepo. Fimbo ya krenkibeti hapo ni kupeleka kiungo akacheze kipa. Ndoana zote zitaishia kwenye majani. Kinachofaa ni ile ya Dee Thomas, nzito, ya ncha, yenye mpini mrefu na mshipi wa kusukwa, pamoja na chambo cheusi na chekundu kinachofanana na kamba. Sogea pale mawe yanapoanza na maji yako wazi, na fimbo hiyo hiyo inageuka mzigo.

NANI ANAHITAJI FUNDI?

Si kila mtu. Fimbo za kiwandani za leo ni nzuri, na zile za daraja la juu kule Marekani zinapita dola 400. Anayeanza anaweza kununua fimbo moja ya kati, ya futi saba, mpindo wa ncha, akavua navyo vizuri tu. Hata timu ya mtaani inaweza kuanza na mpira mmoja na wachezaji wanaojua kukimbia.

Fundi anaanza kuhitajika pale mvuvi anapojua anapoteza samaki wapi. Kama wanachanika mdomo wakiwa karibu na boti, tatizo ni mpindo. Kama wanajizungusha kwenye majani, tatizo ni nguvu au mpini. Kama anachelewa kuhisi, tatizo ni uzito wa ncha. Asiyejua anakopotezea samaki hata akijengewa fimbo ya dhahabu itamsaidia kupigia picha tu.

Kocha mzuri hanunui mchezaji kwa sababu ana jina. Anaangalia magoli aliyofungwa msimu uliopita yalipitia wapi, ndipo anaingia sokoni. Mvuvi naye akishayahesabu ya kwake, atajua ni fimbo gani ya kumwagiza fundi.